Anayeitikia Tangini

9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefika, na mwili wote umefika isipokuwa kiuno, hicho kimebaki kwenye kiti cha basi. Goti la Bibi linaendeleaje? Na mkaza mjomba ameshanisamehe kwa kuondoka na sufuria yake ndogo? Mwambie nailea kama yai.

Kikundi kimenipokea vizuri. Tuko watano, tunafanya mazoezi jioni kwenye chumba cha nyuma cha fundi cherehani, tukiwa tumekalia marobota ya vitambaa. Mpiga ngoma ni kinyozi. Mpiga zeze anasafisha madirisha ya maghorofa. Siku ya kwanza waliniambia niimbe, nikaimba. Kisha kinyozi akauliza, "Haya, sauti tumeisikia. Na unakula nini?"

Hapo ndipo penye shida, Mjomba. Nilianza kwenye kinu cha unga, nikawa nakohoa vumbi jeupe, nikitema mate utadhani natema uji. Nikaacha. Nikapata duka moja linalotaka mtu wa kusimama mlangoni na kipaza sauti, "Karibu ndani, bei imeanguka!" kutwa nzima. Jioni nikafungua kinywa niimbe, ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Nako nimeacha.

Wewe umeimba maisha yako yote na njaa haikukuua. Nieleze, mtu anayeimba nyimbo zetu hizi za asili afanye kazi gani mchana?

La pili, hapa hakuna anayejua kuniitikia. Naita mstari, wao wanaitikia kama watu waliokanyagwa. Ulikuwa ukisema zamani mama ndiye aliyekuitikia wewe, na kwamba wimbo bila mwitikiaji ni mkono mmoja unaopiga makofi. Sasa ndiyo nimekuelewa.

Mpwa wako,
Chiriku


2 Machi

Marahaba, Chiriku wangu.

Goti la Bibi yako linapanda na kushuka kama bei ya sukari. Asubuhi analilaani, jioni analisifu. Bado anakaa palepale nyuma ya nyumba, uso kwenye njia. Mkaza mjomba wako anasema sufuria si yai, haianguliwi, irudi.

Umeuliza swali la maana. Nyimbo hizi hazikutungwa na watu waliokaa wakingoja kupigiwa makofi. Zilitungwa na watu wenye kazi, mtu anapalilia, mtu anatwanga, mtu anabeba mzigo wa mwenzake. Kwa hiyo kazi lazima uwe nayo, hata kama ungekuwa tajiri. Ila si kila kazi. Usiuze kitu cha kunadi, utauza na koo. Usifundishe watoto wadogo, utapiga kelele mpaka utapike. Unyozi ni mzuri kwa mpiga ngoma, mikono inapata mchezo, lakini wateja wanasema sana na masikio ya mwimbaji yanachoka. Ufundi viatu ningekushauri, ila mafundi wote wana tabia ya kuweka misumari mdomoni. Mimi niliiweka mara moja, likaja wazo la wimbo, nusura nizikwe.

Tafuta kazi inayochosha mikono na kuliacha koo. Ushonaji. Kufuma. Kupanga vitabu.

Lakini usiende upande ule wa juu wa mji, penye kiwanda cha dobi. Kule kuna unyevu, na unyevu ni adui wa kifua. Kazi ya kule usiichukue hata wakikubembeleza.

Mwitikiaji atapatikana, usiwe na haraka.

Mjomba wako,
Fundi Viatu


5 Machi

Mjomba, shikamoo.

Jibu lako bado halijanifikia, lakini siwezi kungoja. Nimepata kazi! Msalimie Bibi, mwambie mjukuu wake sasa analala akiwa ameshiba.

Nasafisha matangi ya maji. Usicheke. Tuko watatu. Msimamizi, ambaye kazi yake ni kuangalia saa. Jamaa wa makamo tunayemwita Chura kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mkavu. Na mimi, niliyechukuliwa kwa wembamba, kwa kuwa midomo ya matangi ni midogo. Hakuna vumbi, hakuna wateja, na humo ndani hakuna wa kukuuliza chochote.

Sasa tumepewa kazi kubwa, ya miezi. Ni tangi la zege chini ya sakafu ya kiwanda cha dobi, kile kinachofua mashuka ya hospitali na mahoteli. Kubwa kama ukumbi, lina nguzo katikati. Linavuja, kwa hiyo wamelikausha, nasi tunakwangua kuta, tunaziba nyufa na kupiga saruji. Unafunua mfuniko wa chuma, unashuka kwa ngazi na taa yako kichwani. Chura anabaki juu ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwako.

Na mwangwi wake, Mjomba! Ukikohoa unasikia kikohozi kinazunguka nguzo moja baada ya nyingine, kinarudi kikiwa kimenenepa. Ningekosaje kuimba? Jumatatu niliimba ule wimbo wetu wa kisimani. Nikaita:

"Ndoo imezama, nani ataiinua?"

Mwangwi ukanirudishia maneno yangu, kama kawaida. Nikaita tena. Safari hii ukarudi mstari wa kiitikio:

"Inama kidogo, nishike mkono."

Nilijua ni Chura ananitania. Nikapaza sauti, "Kumbe unaujua huu?" Akajibu kutoka juu, "Naujua upi? Mimi hapa natafuna karanga."

Basi nimeimba nyimbo nne, na zote zimeitikiwa. Sijui ni nini, na kwa kweli sikuogopa. Tangu nije mjini sijaimba vizuri hivyo.

Mpwa wako,
Chiriku


20 Machi

Chiriku,

Huku wote wazima. Barua yako imepishana na yangu njiani. Ukishaisoma yangu, iheshimu. Kazi hiyo iache. Kuna kazi elfu moja mjini, na mtu akikosa zote kuna kiti hapa karibu na changu na nyundo ya pili.

Na usiimbe tena humo. Sauti inayopigwa kwenye zege inapasuka.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mvua zimewafikia na paa la jikoni halijaleta aibu. Barua zako zote mbili ninazo. Katika ya kwanza kiwanda cha dobi kina unyevu, katika ya pili zege linapasua sauti. Mjomba, wewe hujawahi kunikataza jambo kwa sababu mbili tofauti. Ukiwa na sababu moja ya kweli huwa inakutosha.

Hebu nikueleze. Karibu na mfuniko wa tangi kuna dirisha, na ndani yake anafanya kazi mama mmoja mtu mzima, anapiga pasi mashuka tangu ujana wake. Wanamwita Mama wa Pasi. Wiki iliyopita nilipanda kupumua, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza:

"Nani alikuwa akiimba huko chini?"

"Mimi, mama."

"Na yule mwingine?"

Nikamwambia niko peke yangu. Akaiweka pasi chini. Akasema hapo zamani kulikuwa na mfuaji, mwanamke wa sauti. Akiimba yeye, mashine zilionekana kama zinapiga kelele bure. Siku moja maji yalikata, akasema anashuka kuangalia kimezuia nini. Ndara zake zilibaki pembeni ya mfuniko. Walilikausha tangi lote hawakumkuta. Tajiri akasema huyo katoroka, akaandika mwingine.

"Alikuwa na mtoto kwao," Mama wa Pasi akaniambia. "Kamwachia mama yake. Alikuwa akimtaja kila saa ya chakula."

Mjomba, yule anayeniitikia, akifika mwisho wa mstari anainua sauti kama mtu anayenyanyua ndoo na kuitua kichwani. Huo mkato hauimbwi na mtu yeyote ila wa nyumba yetu. Wewe ulinifundisha, ukasema ni wa mama.

Nyumbani mliniambia mama amesafiri. Halafu mkaniambia amechelewa. Halafu mkaacha kuniambia. Sasa nauliza. Alikuwa akifanya kazi gani, na wapi?

Chiriku


20 Mei

Mjomba, kama ni mgonjwa, mkaza mjomba aniandikie. Kama si mgonjwa, niandikie wewe.


19 Juni

Chiriku, mwanangu,

Huku tuko wazima, na mimi si mgonjwa. Barua zako zilifika. Nilizisoma nimesimama, nikaziweka chini ya ngozi za soli, nikazitoa nikazisoma tena. Kila nilipokaa kujibu alikuja mteja, na ambapo hakuja mteja nilimtamani aje.

Ndiyo. Alikuwa mfuaji kwenye kiwanda hicho. Nilikwenda mwenyewe kumtafuta, wakanionyesha tangi tupu. Bibi yako akasema mtoto asiambiwe mahali, maana akikua atakwenda. Nikanyamaza. Na ona, umekwenda bila kuambiwa.

Lakini usikilize ushauri wa mtu aliyezeeka katika nyimbo. Una koo la mama yako. Ukiimba kwenye zege, sauti yako inaporudi ndiyo sauti yake. Na wimbo unaoupenda mtu huujaza mwenyewe masikioni. Huo ni mwangwi, mwanangu, na hamu yako.

Kama hutaki kuniamini, fanya hivi. Ule wimbo wangu wa kiatu niliutunga wewe ukiwa umeshaanza shule. Mama yako hakuwahi kuusikia. Uimbe humo. Mwangwi hauchagui, utakurudishia huo kama unavyokurudishia nyingine. Ukishaona hivyo, panda juu, chukua mshahara wako, tafuta kazi ya kufuma.

Bibi yako nimemwambia unashona mashati.

Mjomba wako


2 Julai

Mjomba, shikamoo. Wasalimie wote.

Nimefanya ulivyosema. Nilisimama katikati ya nguzo, nikaita:

"Kiatu kimoja hakisafiri."

Hakikurudi kitu. Hata mwangwi, Mjomba. Nilisema neno zito kwenye tangi tupu la zege, likazama kama jiwe kwenye tope. Nikaita tena, kimya. Hata brashi niliyoiangusha haikulia. Kisha sauti ikasema, si kwa kuimba, bali kwa kuongea, kama mtu aliye upande wa pili wa pazia:

"Huo siujui. Nani kakufundisha?"

"Mjomba wangu," nikasema.

"Mjomba yupi?"

Nikaieleza habari zako, kazi yako, jino lako la pembeni. Halafu ikasema, na safari hii ilikuwa na hasira, "Huyo ni kaka yangu. Wewe ni nani unayeiba nyimbo zetu?"

"Mimi ni mwanao."

Akacheka. Alicheka vizuri tu, kama mama anayeambiwa upuuzi na mtoto wa jirani. "Mwanangu hajaweza hata kujifunga kiatu," akasema. "Nimemwacha amelala. Nikimaliza zamu naenda kumwamsha."

Tangu siku hiyo naimba, anaitikia, nikiongea, ananyamaza. Nimemwimbia kila wimbo ulionifunza ili anitambue. Nashuka hata Jumapili, Chura ananifungulia mfuniko ingawa hapendi. Juzi alinigombeza sana. Anasema alivuta kamba ikaja yenyewe, akashuka, akanikuta nimeingiza kichwa na mabega kwenye bomba la kuletea maji. Mimi nakumbuka nilikuwa nimesimama katikati, kwenye nguzo, nikiimba.

Msimamizi anasema maji yatarudishwa mwisho wa Agosti. Siondoki hapa kabla hajanijua.

Chiriku


30 Julai

Chiriku,

Nadhani umefika nyumbani wewe na hasira zako, na kwamba zimekula na kulala vizuri. Hukuniaga pale kituoni. Sikulaumu. Mtu akitolewa kwenye bomba kwa kuvutwa miguu na mjomba wake mbele ya watu, ana haki ya kununa. Lakini nilipokushika ulikuwa baridi, mwanangu, na hukunijua kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Sasa nikueleze kwa nini sijarudi. Nimechukua nafasi yako. Msimamizi alinitazama akasema, "Mzee, hii kazi ya vijana." Nikamwambia kijana wake nimemrudisha nyumbani, na saruji haijali umri. Mabuti yako yalinibana, nimeyapanua kwa kalibu ya kuundia viatu. Nimefikia kwa Chura, mke wake ni mpishi mzuri na anaongea kuliko hata mimi.

Nilishuka siku ya pili. Nikaita "Ndoo imezama," na kabla sijamaliza akasema:

"Kaka! Mbona umechelewa?"

Nilikaa kwenye tope. Kisha tukaimba. Tumeimba kila kitu. Nilikuwa nimesahau ninavyoimba nikiitikiwa na yeye. Baada ya kila wimbo ananiuliza jambo lilelile: "Mtoto kala?" Nami nasema, "Kala." Anasema, "Haya, zamu inakwisha sasa hivi." Kesho yake tena: mtoto kala? Kala. Zamu inakwisha sasa hivi.

Kwake ni ileile siku, Chiriku. Hajui kitu. Nilijaribu kumwambia ghafla kwamba mtoto amekua, akanyamaza siku nzima, na maji yakaanza kutoka kwenye ufa niliokuwa nimeuziba mwenyewe. Nimeona bora nimwambie kidogo kidogo, kama unavyomtia nguvu mtu aliyelala njaa. Leo nimemwambia umejifunza kufunga kiatu. Akafurahi, akasema mbona mapema hivyo.

Lakini nimeishiwa. Nilidhani nakukumbuka ulivyokua, kumbe nakumbuka viatu vyako tu. Vyekundu vya kamba. Vile vilivyoliwa na mbwa. Vile vya shule nilivyovitia soli mara tatu. Niandikie mengine. Niandikie kila kitu, na haraka, maana maji yanarudi.

Mjomba wako


10 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, ingawa bado nimenuna. Mkaza mjomba naye amenuna, anasema mume aliyekwenda kumchukua mtu wiki moja sasa ameajiriwa. Wateja wako nawahudumia mimi. Misumari siweki mdomoni.

Bibi hajauliza uko wapi. Hilo linanitisha zaidi kuliko angeuliza.

Haya, mwambie hivi. Mwambie jino langu la kwanza nililing'oa kwa uzi na mlango, nikalia kwa furaha. Mwambie nilianguka ukutani nikavunjika mkono wa kushoto, ndiyo maana mpaka leo ndoo naishika kwa kulia. Mwambie shule nilipelekwa na Bibi, na mwalimu alipouliza mama yangu yuko wapi nikamjibu yuko njiani. Niliugua surua, Bibi alilala sakafuni wiki nzima. Mwambie niliimba mbele ya watu mara ya kwanza nikasahau mstari, ukaniitikia wewe kabla sijaita, watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Nilipata hedhi yangu ya kwanza nikamficha kila mtu, mkaza mjomba akajua kwa kuniangalia tu, akaniletea kitambaa bila neno. Mwambie kuna kijana nilimpenda, hakunipenda, nikatunga wimbo mbaya sana.

Na mwambie kuna mwaka nilioacha kumuulizia. Sikumbuki ulikuwa lini. Siku moja niligundua tu kwamba siulizi tena. Kama hilo ni zito, liache. La, usiliache.

Jihadhari na kifua chako. Na kamba usiifungue.

Chiriku


29 Agosti

Chiriku, mwanangu,

Naandika nikiwa kitandani kwa Chura, kifua kinapiga kama ngoma iliyolowa. Daktari amesema nisisafiri wiki hizi. Usiwaogopeshe. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi mkononi, ili ikuwahi.

Nimemwambia yote. Kila siku kidogo. Jino, akacheka. Mkono, akataka kujua nani alikuwa akikuangalia, akanitukana ipasavyo. Surua, akalia, na kuta zote zikatoka jasho. Nilipomwambia umeimba mbele ya watu, akaniomba nimwonyeshe ulivyoimba. Nikaiga. Akasema, "Huyo ana sauti yangu." Nikasema ndiyo.

Jana ilikuwa siku ya mwisho. Msimamizi alishasema leo wanafungulia maji. Nilishuka asubuhi, nikamwambia lile la kuacha kuuliza. Akanyamaza. Nilisikia mashine za juu, nikasikia Chura akikohoa, nikajua mwangwi umerudi kuwa mwangwi wa kawaida. Nikadhani ameondoka. Ndipo akauliza, polepole:

"Kaka, basi mimi nimekuwa wapi muda wote huo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo sikujiandaa nalo. Nikasema, "Humu, mdogo wangu."

"Na zamu yangu?"

"Imekwisha zamani."

"Yule msichana aliyekuwa akija kuniimbia, ndiye?"

"Ndiye."

"Nilimfukuza."

"Hukumjua."

Akasema, "Nifundishe ule wimbo wake wa kiatu." Nikaita, "Kiatu kimoja hakisafiri." Nikamwambia kiitikio ni "Kimngoje mwenzake." Mara ya kwanza alikosea, akawahi. Mara ya pili akapata, na mwisho akainua sauti vilevile anavyoinua. Wimbo wangu haujawahi kuimbwa hivyo.

Kisha nikasikia mtu anatembea majini. Tangi lilikuwa kavu, Chiriku, nimelikausha kwa mikono yangu, lakini nilisikia mtu anatembea kwenye maji ya magotini, akinipita upande wa kulia, na hewa ikawa baridi, na ngazi ya chuma ikalia kipago kimoja kimoja kwenda juu. Chura akaita kutoka mdomoni mwa tangi, "Fundi, nani huyo kanipita?" Nilipopanda nilimkuta amekaa chini, kamba imemtoka mkononi. Sakafuni kulikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu, zimelowa, zimepita kati ya mafungu ya mashuka mpaka mlango mkubwa, zikaingia barabarani. Mama wa Pasi alikuwa amesimama dirishani. Shuka lilikuwa linaungua chini ya pasi yake na hakuliona.

"Kachukua njia ya kwao," akasema.

Sijui anatembea kwa mwendo gani. Sijui kama anaitangulia barua hii au barua inamtangulia. Najua tu kwamba sasa anajua njia, na anajua kwamba hukuwa umelala. Bibi yako mwambie au usimwambie, amua wewe. Mimi nimechoka kuamua nani aambiwe nini.

Mjomba wako


4 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Pole na kifua. Mkaza mjomba anasema ukipona uje, na ukija atakupokea kwa maneno aliyoyaweka akiba tangu Julai. Kunywa dawa zako.

Barua yako ilinifikia juzi saa za asubuhi. Nilikwenda nayo kwa Bibi nikiwa bado sijui nitamwambia nini. Nikamkuta anafagia nyuma ya nyumba, yeye na goti lile. Alikuwa ametandika kitanda cha pili chumbani kwake, ameweka kanga iliyokunjwa juu yake, na mlango wa nyuma ameuegemezea jiwe usijifunge. Nikamuuliza, "Bibi, nani anakuja?" Akanitazama kama mimi ndiye nimezeeka. "Si umeshika barua?" akasema. Bibi hajui kusoma, na nilikuwa sijaifungua mbele yake.

Nikakaa kazini kwako, kwenye kiti chako, uani. Ilikuwa adhuhuri, jua la kutosha kukausha ngozi, mkaza mjomba yuko jikoni anapika, watoto wa jirani wanacheza ng'ambo ya ua. Nilikuwa napiga soli ya kiatu cha mwalimu. Watoto wakanyamaza. Halafu ikaja baridi mgongoni, na harufu ya sabuni, ile ya kufulia mashuka mengi kwa pamoja.

Akaniita. Kwa jina lile la utotoni, ambalo halijatajwa nyumba hii tangu aondoke, na ambalo hata wewe siku hizi zote hujaliandika. Sauti ilikuwa karibu sana, nyuma ya bega langu la kushoto, na ilikuwa imechoka kama ya mtu aliyetembea mbali. Ikasema:

"Kumbe umekua."

Najua wanavyosema wakubwa, Mjomba, kwamba ukiitwa na usiyemwona usiitike. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nikainua macho nikamwona amesimama mlangoni na ufagio wake, anaangalia nyuma yangu, midomo inamcheza, na hakunikataza.

Nikaweka nyundo chini. Nikaitika.

Mpwa wako